Kibaba cha Kupimia Ukakasi



Leo twataka kueleza jambo moja la elimu ya kemia ambalo kwa jina lake ni geni, lakini kwa tabia yake kila mtu wa Rufiji amekwisha kulionja kwa ulimi. Mtu akila bibo la mkorosho, au akitafuna ndizi mbichi, au akinywa chai ya rangi iliyokaa mno motoni, hupatwa na ukakasi. Ulimi hukauka na mashavu hujikunja. Ukakasi huo watokana na vitu ambavyo miti hujitengenezea katika magome, majani na matunda yake. Mabingwa wa kemia huviita fenoli. Fenoli ni ukoo mkubwa sana, na mmoja katika ukoo huo, mdogo wa umbo lakini mashuhuri kwa kazi, huitwa asidi galiki.

Sababu ya kuchagua habari hii ni chupa moja. Siku moja ya gulio, hapa Nyamwage penye njia panda iendayo Utete, alikuja mchuuzi na chupa za unga mwekundu. Alisema kuwa ni unga wa magome ya mkandaa kutoka delta. Katika karatasi ya chupa yaliandikwa maneno haya: «Umepimwa maabara. Miligramu 120 za asidi galiki katika kila gramu. Huondoa sukari, presha na uzee.» Bibi mmoja wa jirani, mwenye maradhi ya kisukari kwa miaka mingi, alinunua chupa moja akatuletea. Akasema, «Mwalimu, mwanangu, nisomee. Hesabu hii yaonekana kubwa. Je, niache vidonge vya hospitali?»

Tulimwambia asiache vidonge vyake. Lakini alipouliza maana ya hesabu ile, tuliona haya, kwa kuwa hatukuweza kumjibu kwa maneno machache. Basi haya ndiyo majibu yake kwa urefu, nayo huenda yakawafaa wengine.

Kwanza tuijue asidi yenyewe. Mwaka 1786 mtengeneza dawa mmoja wa nchi ya Uswidi, jina lake Carl Wilhelm Scheele, aliitenga mbali na vitu vingine. Aliipata katika vinundu viotavyo juu ya matawi ya mwaloni. Mdudu mdogo hutoboa tawi na kutaga yai, nao mti huvimba mahali pale na kufanya kinundu kigumu chenye ukakasi mwingi. Jina la asidi hii latokana na jina la vinundu hivyo katika lugha za Ulaya. Ikiwa safi, ni unga mweupe, au wenye umanjano kidogo. Siku hizi hupatikana zaidi katika maganda ya mti uitwao tara wa nchi ya Peru, na katika vinundu vya mti mmoja wa Uchina. Lakini imo pia katika majani ya chai, na katika kokwa la embe tulitupalo kila msimu.

Watu waliijua kazi yake kabla ya kulijua jina lake. Kwa muda wa karne nyingi waandishi wa Ulaya na wa nchi za Waarabu walitengeneza wino kwa vinundu vya mwaloni na chumvi ya chuma. Ukakasi ukikutana na chuma hufanya rangi nyeusi isiyotoka upesi. Wanafunzi waweza kuliona jambo hili nyumbani bila gharama. Tieni msumari wenye kutu katika siki kidogo, mwuache usiku kucha. Asubuhi mimineni matone machache ya siki ile katika chai ya rangi. Chai itageuka nyeusi kama wino. Msiinywe, bali chovyeni ncha ya ujiti mkaandike. Kwa sababu iyo hiyo kisu cha chuma kisichokuwa cha pua huacha weusi katika embe bichi.

Hata katika delta yetu ukakasi ulikuwa mali zamani. Magome ya mkandaa na ya mkoko hutumika kutia rangi na kutengeneza ngozi ya mnyama isioze. Serikali ya Wadachi ilianza kuisimamia misitu ya mikoko ya Rufiji mwaka 1898, na magome yakasafirishwa ng'ambo kwa viwanda vya ngozi. Wakati huo mnunuzi alitaka kujua jambo moja tu: katika mzigo huu, ukakasi ni kiasi gani? Nalo ni swali gumu, kwa maana ukakasi hauna umbo. Huwezi kuutia katika pishi kama mpunga.

Hapa twafika penye kiini cha habari yetu. Kila kupima kwataka kipimo ambacho watu wote wamekubaliana nacho. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Kama kibaba cha muuzaji ni kidogo kuliko cha mnunuzi, ugomvi hauna mwisho. Maandiko Matakatifu yachukia mizani ya hila, na Kurani vilevile yawaonya wapunjao vipimo. Basi mabingwa nao walihitaji kibaba cha kupimia fenoli, ili mtu wa Dar es Salaam na mtu wa London wakisema hesabu, waseme kitu kimoja.

Njia ya kupima ilitengenezwa polepole. Mwaka 1912 Otto Folin na Willey Denis, huko Marekani, walitengeneza maji ya dawa ambayo yakikutana na fenoli hugeuka rangi ya samawati. Mwaka 1927 Folin pamoja na Vintila Ciocalteu waliyatengeneza yakawa bora zaidi. Wao walikuwa wakichunguza vitu vya mwilini, si magome. Lakini mwaka 1965 Singleton na Rossi, wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, walitengeneza kanuni ya kupimia ukakasi wa mvinyo kwa maji hayo, nao wakaichagua asidi galiki kuwa kibaba. Kanuni yao ingali ikitumika duniani kote. Shirika la viwango la mataifa, liitwalo ISO, lilitoa mwaka 2005 kanuni ya kupimia chai, na humo pia asidi galiki ndiyo kibaba.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini wakaichagua hiyo na fenoli ni nyingi? Sababu ni nyepesi. Asidi galiki hupatikana ikiwa safi, bei yake si kubwa, huyeyuka vizuri katika maji, na unga wake mkavu hukaa muda mrefu bila kuharibika. Kibaba chema ni kile kisichobadilika na ambacho kila mtu aweza kukipata.

Sasa tuingie maabara, yaani chumba cha majaribio, tuone kazi yenyewe. Kwanza bingwa hutengeneza vibaba vyake. Huchukua bilauri tano ndogo. Ya kwanza huitia maji matupu. Nyingine huzitia asidi galiki kwa kiasi akijuacho: miligramu 50 katika lita, 100, 150, na 200. Kisha kila moja huitia maji ya Folin na Ciocalteu, halafu magadi safi yaliyoyeyushwa katika maji, maana rangi haitokei vema pasipo magadi. Huziacha kwa muda wa saa mbili hivi. Zikiwa tayari, bilauri ya kwanza haina samawati, ya pili ina samawati hafifu, na ya mwisho imekolea.

Macho ya mtu hudanganyika, kwa hiyo hutumia chombo kipitishacho mwanga katika bilauri na kuonyesha ni kiasi gani cha mwanga kimezuiwa. Tuseme, kwa mfano tu, chombo kimesoma sifuri kwa maji matupu, 0.25 kwa miligramu 50, 0.50 kwa 100, 0.75 kwa 150, na 1.00 kwa 200. Bingwa huziandika hesabu hizi katika karatasi ya mirabaraba na kupiga mstari mmoja ulionyooka. Mstari huo ndio mizani yake.

Baadaye huchukua gramu moja ya unga wa magome, akauchemsha, akauchuja, na kuongeza maji hata yakawa mililita 100. Maji hayo ni makali mno, basi huyazimua mara kumi. Huyatia dawa ile ile na magadi yale yale, akangoja muda ule ule. Tuseme chombo kimesoma 0.60. Hutazama katika mstari wake na kuona kwamba 0.60 ni sawa na miligramu 120 katika lita. Lakini aliyazimua mara kumi, basi maji ya kwanza yalikuwa sawa na miligramu 1,200 katika lita. Na kwa kuwa yalikuwa mililita 100, yaani sehemu ya kumi ya lita, jumla yake ni miligramu 120. Hivyo bingwa huandika: gramu moja ya magome haya ina fenoli zilizo sawa na miligramu 120 za asidi galiki.

Wanafunzi, tazameni sana maneno haya mawili: sawa na. Hapo ndipo ilipojificha hila ya chupa ya gulioni. Mtu akikuambia kuwa mbuzi wake ni sawa na shilingi elfu themanini, huendi ukampasua mbuzi ukitafuta shilingi tumboni mwake. Shilingi ni kipimo cha thamani. Mbuzi ana nyama na ngozi na mifupa. Vivyo hivyo, magome yaliyo sawa na miligramu 120 za asidi galiki si lazima yawe na asidi galiki nyingi. Tena ukakasi wa mkandaa, kwa sehemu yake kubwa, ni wa tanini za namna nyingine, zisizojengwa kwa asidi galiki. Aliyeandika karatasi ya chupa aliyaondoa maneno mawili, nayo hesabu ya kweli ikageuka kuwa uongo.

Iko tena njia ya pili ambayo asidi galiki huitumikia maabara. Mmepata kusikia neno antioksidanti, ambalo siku hizi limejaa katika matangazo ya biashara. Maana yake si ngumu. Katika hewa tuvutayo mna oksijeni. Bila hiyo hatuishi, walakini yenyewe ni kama mdai asiyechoka. Huviendea vitu na kuvinyang'anya chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Chuma kikinyang'anywa hupata kutu, mafuta ya nazi yakinyang'anywa huchacha. Antioksidanti ni kitu kilicho tayari kutoa chembe zake chenyewe ili jirani yake asinyang'anywe, kama mtu mwema alipaye deni la ndugu yake. Asidi galiki ni hodari katika kazi hiyo, hata mtoto wake mmoja, aitwaye propili galati, hutiwa katika mafuta na vyakula vya viwandani visichache upesi.

Kupima uhodari huo, mabingwa hutumia kitu kingine kiitwacho kwa herufi nne DPPH, ambacho Marsden Blois alieleza matumizi yake mwaka 1958. Maji yake ni ya rangi ya zambarau. Yakipata antioksidanti, zambarau hupauka ikawa manjano. Bingwa hutafuta ni kiasi gani cha dawa ya mti kitoshacho kuipausha rangi hata ibaki nusu. Kikitosha kidogo, dawa ni hodari. Kikihitajika kingi, ni dhaifu. Na pembeni yake mara nyingi huweka asidi galiki kama shahidi. Ikiwa shahidi huyo, ambaye tabia yake yajulikana, hakuipausha rangi kama ilivyo desturi, bingwa hujua kuwa kazi yake ya siku ile ina kosa, naye huanza upya. Huu ni uaminifu ambao sisi sote twaweza kujifunza.

Je, vipimo hivi vyaweza kukosea? Naam. Maji ya Folin na Ciocalteu hayachagui sana. Hugeuka samawati yakikutana na fenoli, lakini pia yakikutana na vitamini C, na hata na sukari za namna fulani zikiwa nyingi. Mtu akipima maji ya matunda bila kuangalia jambo hili, atahesabu vitamini na sukari pamoja na ukakasi. Kwa hiyo bingwa mwangalifu hasemi, «Hizi zote ni fenoli.» Husema kwamba hiyo ndiyo jumla ya vitu vilivyoigeuza dawa yake.

Lakini kosa kubwa kuliko hilo si la maabara. Ni letu, tudhanipo kwamba mwili wa mtu ni bilauri. Kitu tukilacho hupita tumboni na matumboni, hubadilishwa na ini, na sehemu nyingine hutoka bila kuingia katika damu. Unga uwezao kupausha zambarau katika bilauri huenda usifanye lolote mwilini. Tena huenda ukadhuru. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Finland. Wanaume 29,133 wavutao tumbaku, wenye umri wa miaka 50 mpaka 69, waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa vidonge vya beta-karotini, ambayo huhesabiwa miongoni mwa antioksidanti, na wengine hawakupewa. Ilitumainiwa kwamba vidonge vingewakinga na saratani ya mapafu. Ikawa kinyume: waliomeza beta-karotini walipata saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Beta-karotini si asidi galiki, lakini fundisho ni moja. Na mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake ya vyakula vilivyopangwa kwa nguvu ya antioksidanti katika kipimo kingine cha bilauri, kwa kuwa wenye biashara walizitumia hesabu zile kudanganyia wanunuzi.

Hata ukakasi wa kila siku una faida na hasara zake. Mnakumbuka chai na msumari. Jambo lile lile hutokea tumboni: fenoli za chai hukishika chuma kilichomo katika mboga na maharagwe, na mwili ukakipata kidogo tu. Nacho chuma hicho ndicho kitengenezacho damu. Kwa hiyo mama mwenye mimba, na mtoto mdogo, na mtu aliyepungukiwa damu, wasinywe chai kali pamoja na chakula. Wangoje kama saa moja baada ya kula. Ushauri huu hauuzwi kwa chupa, lakini twauona kuwa bora kuliko chupa nyingi.

Hatusemi haya ili kuzidharau dawa za miti. Dawa kadhaa za hospitali asili yake ni miti, na katika nchi yetu kazi ya kuzichunguza imeendelea Muhimbili tangu mwaka 1974. Sheria ya mwaka 2002 nayo iliweka baraza la kusimamia tiba asili na dawa zake. Bali twasema kwamba kupima ukakasi ni hatua ya kwanza tu ya safari ndefu. Baada yake hufuata kuchunguza sumu, kisha kujaribu kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa waliokubali, kwa vipimo na ushahidi. Mchuuzi wetu alisimama penye hatua ya kwanza akatangaza kuwa amekwisha fika. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena tusiisahau mikoko yenyewe. Mti ukibanduliwa gome kuuzunguka shina lote, hufa. Mikoko ya delta ya Rufiji ni miongoni mwa misitu mikubwa kabisa ya mikoko katika Afrika ya Mashariki. Ndiyo malezi ya kamba na samaki, na ndiyo boma letu mbele ya bahari. Hasara iliyoje, tukiimaliza kwa ajili ya hesabu iliyosomwa vibaya!

Tulipokwisha kupata majibu haya, tulikwenda nyumbani kwa yule bibi. Tulimweleza habari ya mbuzi na shilingi. Alicheka sana, akasema, «Kumbe nilinunua kibaba nikidhani ni mpunga.» Vidonge vyake hakuviacha. Unga ule mwekundu alitupa sisi, nasi twautumia darasani kuwafundisha wanafunzi kutengeneza wino.

Basi, wasikilizaji wetu, mkikutana na hesabu kubwa katika karatasi ya dawa, ulizeni maswali matatu: Kimepimwa nini? Kimepimwa kwa kibaba gani? Na je, kimepimwa katika bilauri au katika wagonjwa? Muuzaji asiyeweza kujibu, mwacheni na chupa zake.